Thomas Edison na Mlima wa Mawe Maskini

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Ukimtaja Thomas Edison darasani, mikono yote itainuka juu na jibu litakuwa moja tu: taa ya umeme. Mwenye kujua zaidi ataongeza fonografu, ile mashine ya kwanza kunasa sauti ya mtu na kuirudia. Hayo ni kweli kabisa na hakuna anayebisha. Lakini je, unajua kwamba mtu huyu huyu, akiwa tayari ni tajiri na jina lake limevuma dunia nzima, alipanda mlimani akasaga mawe kwa karibu miaka kumi, na mwishowe akarudi nyumbani mifuko ikiwa mitupu? Vitabu vingi huiruka sehemu hiyo. Mimi nimeona ndiyo inayotufaa zaidi sisi wanafunzi, kwa hivyo leo nitaisimulia.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto saba. Shuleni alikaa miezi michache tu. Mama yake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, alimtoa akamfundisha mwenyewe nyumbani. Tangu utotoni masikio yake yalikuwa mazito, na kadiri alivyokua ndivyo yalivyozidi kuziba. Yeye hakujali. Kelele za watu zikipungua, fikira hupata nafasi.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya garimoshi lililosafiri kati ya Port Huron na Detroit, kama wachuuzi wetu wanaoparamia matatu kituoni wakiwa na karanga na maji ya chupa. Katika behewa la mizigo alijitengea pembe akaifanya maabara yake. Mwaka wa 1862 alimwokoa mtoto mdogo wa mkuu wa stesheni aliyekuwa akicheza relini huku behewa likimjia. Baba wa mtoto alimshukuru kwa kumfundisha kazi ya telegrafu, yaani kutuma habari kwa waya. Hapo ndipo safari yake na umeme ilipoanza.

Mwaka wa 1869 alipata hataza yake ya kwanza. Hataza ni cheti cha serikali kinachomlinda mvumbuzi asiibiwe wazo lake. Alikuwa ametengeneza mashine ya kuhesabu kura za wabunge kwa umeme, na mashine ilifanya kazi barabara. Shida ni kwamba wabunge wenyewe hawakuitaka! Walipenda kura ziende polepole ili wapate muda wa kuvutana na kubembelezana. Edison akaapa kwamba tangu siku hiyo hatapoteza wakati wake kuunda kitu kisichokuwa na mnunuzi. Msomaji, kiapo hicho kiweke akilini, maana tutakirudia.

Baada ya hapo mambo yalimnyookea. Mwaka wa 1876 alijenga maabara Menlo Park, jimbo la New Jersey. Mwaka wa 1877 akaleta fonografu, na mwaka wa 1879 taa yake ikawaka. Tarehe 4 Septemba 1882 alifungua kituo cha umeme katika mtaa wa Pearl, New York, na nyumba za watu zikaanza kupata mwanga kwa waya. Mkewe wa kwanza, Mary, aliaga dunia mwaka wa 1884 akimwachia watoto watatu. Miaka miwili baadaye alimwoa Mina Miller, na mwaka wa 1887 akafungua maabara kubwa zaidi mjini West Orange. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Mtu mwingine angeketi kitako ale matunda ya jasho lake. Yeye akaanza kutazama mawe.

Hebu tusimame kidogo tuelewane kuhusu mawe hayo. Chuma hakiokotwi kikiwa msumari; hutolewa katika mawe. Kuna mawe tajiri na kuna mawe maskini. Jiwe tajiri lina chuma asilimia 60 hivi, na ukilitia tanuruni pamoja na makaa na mawe ya chokaa, unapata chuma bila taabu nyingi. Jiwe maskini lina asilimia 20 au 25 tu, na kinachobaki ni jiwe tupu. Ukilitia tanuruni hivyo hivyo, utateketeza makaa yako yote kwa kuyeyusha takataka.

Katika miaka hiyo viwanda vya chuma vya mashariki ya Marekani, hasa vya New Jersey na Pennsylvania, vilikuwa vikilia njaa. Mawe tajiri ya karibu yalikuwa yakiisha, na ya kutoka mbali yalikuwa ghali. Milima ya New Jersey ilikuwa imejaa mawe maskini ambayo hakuna aliyeyataka. Edison alijiuliza swali ambalo mama yeyote angejiuliza mbele ya nafaka iliyochanganyika na makapi: kwani haipepetwi?

Ungo wake ulikuwa sumaku. Kila mwanafunzi aliyepitia Kidato cha Kwanza analijua lile jaribio la Kemia la unga wa chuma na salfa. Ukipitisha sumaku, chuma kinarukia na salfa inabaki mezani. Na ni nani kati yetu ambaye, akiwa mdogo, hakutoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu akaiburuta mchangani ikatoka imeota ndevu nyeusi? Nyingi ya ndevu hizo ni magnetaiti, aina ya madini ya chuma inayovutwa na sumaku. Mawe ya New Jersey yalikuwa na magnetaiti hiyo hiyo, ila imejificha ndani ya jiwe gumu kama punje za chumvi ndani ya mkate.

Hataza ya wazo hilo Edison alikuwa ameipata tangu mwaka wa 1880. Aliuacha unga wa mawe uanguke kama pazia jembamba mbele ya sumaku ya umeme. Vumbi la jiwe tupu lilianguka wima. Chembe za chuma zilivutwa kidogo zikakengeuka, zikaangukia upande wa pili wa ubao uliotenganisha masanduku mawili. Basi! Hakuna mkono uliochagua, wala hakuna chembe iliyoganda kwenye sumaku ikahitaji kubanduliwa. Alianza kuujaribu ujuzi huo kwa mchanga mweusi wa ufuoni mwa bahari, lakini biashara hiyo haikuleta faida. Ndipo akageukia mlima.

Karibu na Ogdensburg, New Jersey, alichukua maelfu ya ekari, na kuanzia mwaka wa 1889 akajenga kinu ambacho dunia haikuwa imeona mfano wake. Kijiji cha wafanyakazi kikaota hapo, kikaitwa Edison. Yeye mwenyewe hakukaa mjini akituma barua. Kwa miaka mingi alipanda mlimani mwanzoni mwa juma akarudi kwa mkewe na watoto mwisho wa juma, nguo zote zikiwa zimejaa vumbi. Tajiri mzima, jamani, akila na kulala na vibarua wake!

Kazi ya kwanza ilikuwa kuponda. Wachimba migodi wa wakati huo walitumia baruti nyingi kupasua mwamba hadi ukawa vipande vidogo, kisha vipande vikaenda kwenye mashine ndogo. Edison aliona baruti ni ghali kuliko makaa ya kuendesha injini ya mvuke. Akaunda magurudumu mawili makubwa ya chuma, kila moja kama pipa lililolazwa, kimo chake futi 6 na upana wake futi 5, yenye vifundo vya chuma kwenye uso. Yalizunguka yakielekeana kwa kasi ya karibu maili moja kwa dakika. Jiwe la tani 5 likiangushwa katikati yake, lilivunjwa kwa sekunde chache tu.

Hapa wapenzi wa Fizikia watege masikio. Hakuna injini ya wakati huo ambayo ingestahimili kishindo hicho ikiwa imeshikamana na magurudumu. Kwa hivyo Edison alipanga kwamba magurudumu yakisha kupata kasi, jiwe likiingia, injini inaachia. Jiwe lilivunjwa na uzito wa magurudumu na mwendo wake tu, halafu injini ikashika tena. Ni kama seremala anavyofanya: hausukumi msumari kwa nyundo, anairusha nyundo na uzito wake unamaliza kazi.

Kutoka hapo mawe yalipita katika mashine nyingine ndogo zaidi, yakakaushwa, yakasagwa hadi unga, yakachekechwa. Kisha unga ukashuka mbele ya sumaku, nyingine juu, nyingine chini, zote pamoja 480. Mikanda mirefu ilibeba kila kitu kutoka mtambo hadi mtambo, na binadamu hakugusa chochote kwa mkono. Mwishowe upepo wa mashine ulipuliza vumbi jepesi lenye fosforasi, kwa sababu fosforasi ikibaki, chuma huwa chepesi kuvunjika. Jiwe lililoingia na chuma asilimia 20 lilitoka likiwa unga wenye asilimia 67 hivi.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Tani 100 za mawe ya asilimia 20 zina chuma tani 20. Ukikusanya chuma hicho chote katika unga wa asilimia 67, unapata unga tani 30 tu. Tani 70 ni makapi. Maana yake ni kwamba kwa kila tani 3 unazouza, umechimba, umebeba, umeponda na umesaga tani 10. Hiyo ndiyo kodi ya jiwe maskini, na hakuna ujanja wa kuikwepa. Unaweza tu kuipunguza kwa kufanya kila hatua iwe rahisi zaidi, na hiyo ndiyo kazi iliyomweka Edison mlimani miaka yote hiyo.

Na matatizo hayakumwisha. Vumbi liliingia kila mahali, likala vyuma na kukaba pumzi za watu. Mitambo ilivunjika, ikajengwa upya, ikavunjika tena. Halafu wenye matanuru wakaleta lalamiko jipya: unga ni laini mno! Katika tanuru hewa hupulizwa kwa nguvu kutoka chini. Unga mlaini ama hupeperushwa nje kwenye moshi, ama huziba njia za hewa. Kwa hivyo, baada ya kazi yote ya kulifanya jiwe kuwa unga, Edison sasa alitakiwa aufanye unga kuwa jiwe tena. Ama kweli kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Alijaribu gundi za kila namna, kwa sababu kibonge kilitakiwa kistahimili mvua njiani na bado kipitishe hewa motoni. Hatimaye alipata vibonge vilivyooshwa na mvua bila kumumunyuka. Mwaka wa 1897 vilijaribiwa katika tanuru la Pennsylvania, na tanuru likatoa chuma kingi kuliko kawaida yake. Alikuwa ameshinda.

Kumbe alikuwa ameshindwa zamani, ila habari zilikuwa bado njiani. Mwaka wa 1890, mbali sana huko Minnesota karibu na Ziwa Superior, ndugu wa ukoo wa Merritt pamoja na watu wao waligundua madini ya chuma katika vilima vya Mesabi. Yalikuwa mawe tajiri, tena mengine hata si mawe, ni kama udongo mwekundu uliolala chini kidogo tu ya ardhi. Hayakutaka baruti nyingi wala sumaku. Mashine ya mvuke yenye sepetu kubwa iliyachota ikayamwaga kwenye mabehewa, mabehewa yakamwaga melini, na meli zikavuka maziwa makuu hadi kwenye matanuru. Shehena ya kwanza ilitoka mwaka wa 1892. Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ulianguka vibaya na bei ikazidi kuporomoka. Vibonge vya Edison vilihitaji dola 6 na zaidi kwa tani ili vimlipe. Madini ya Minnesota yalikuwa yakiuzwa kwa dola 3 na nusu hivi.

Mkumbuke yule kijana wa mwaka wa 1869 na kiapo chake. Kwa mara ya pili alikuwa na mashine iliyofanya kazi barabara, na kwa mara ya pili mnunuzi hakuwapo. Kufikia mwaka wa 1900 magurudumu ya Ogdensburg yalikuwa yamenyamaza. Zaidi ya dola milioni 2 zilikuwa zimezama humo, nyingi zikiwa zake mwenyewe. Ili kuzipata alikuwa ameuza hisa zake katika kampuni ya General Electric, iliyoundwa mwaka wa 1892 kutokana na biashara zake za umeme. Inasimuliwa kwamba siku moja rafiki yake alimpigia hesabu ya utajiri ambao hisa hizo zingemletea kama angezishikilia. Edison alicheka tu akasema kwa utani kwamba pesa zimekwenda, lakini kuzitumia kulikuwa na raha yake.

Hakukaa akilia. Wala hakuyakimbia madeni. Alijitia kazini ili yalipwe. Alipokuwa bado mlimani, yale makapi, yaani mchanga wa tani 70, alikuwa akiwauzia watengenezaji wa saruji. Hapo alijifunza kwamba saruji nayo ni mawe yaliyosagwa. Mwaka wa 1899 alianzisha kampuni ya saruji, akajenga kiwanda Stewartsville, New Jersey, na ujuzi wa magurudumu, mikanda na vichekecheo ukahamia huko. Matanuru yake ya kuchomea saruji yalikuwa na urefu wa futi 150, wakati ya wenzake yalikuwa futi 60 hivi. Saruji ya Edison ndiyo iliyojenga uwanja maarufu wa michezo wa Yankee Stadium, New York, uliofunguliwa mwaka wa 1923. Pia aliunda betri ya nikeli na chuma baada ya majaribio ya miaka mingi, na hiyo ikamrudishia faida nzuri.

Thomas Alva Edison aliaga dunia nyumbani kwake West Orange tarehe 18 Oktoba 1931 akiwa na umri wa miaka 84. Alikuwa na hataza 1,093 za Marekani. Usiku wa tarehe 21, siku ya mazishi yake, Wamarekani wengi walizima taa kwa dakika moja kumkumbuka. Walikumbuka taa. Mlima wa Ogdensburg ulikuwa umeshaota miti.

Lakini hadithi ya jiwe maskini haikuzikwa naye. Udongo tajiri wa Mesabi ulichotwa na kuchotwa, vita viwili vya dunia vikaumeza, na baada ya mwaka wa 1945 watu wakaona chini ya pipa. Kilichobaki kwa wingi kilikuwa takonaiti, jiwe gumu ajabu lenye chuma asilimia 25 hadi 30. Mhandisi Edward Davis wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa akilishughulikia tangu mwaka wa 1913. Yeye pia alionja uchungu, kwani kiwanda cha kwanza cha jiwe hilo, mjini Babbitt, kilifunguliwa mwaka wa 1922 kikafungwa mwaka wa 1924 kwa sababu ya bei. Katika miaka ya 1950 kiwanda kikubwa kilianza kazi Silver Bay, ufuoni mwa Ziwa Superior. Njia ilikuwa ile ile: ponda, saga, sumaku, kisha unga ufinyangwe uwe vitufe vya ukubwa wa gololi na kuchomwa vikawa vigumu. Hadi leo chuma cha mawe cha Marekani hutoka zaidi katika vitufe hivyo. Tuseme pia ukweli wote: kiwanda hicho kilimwaga makapi yake ziwani kwa miaka mingi, maelfu ya tani kila siku, hadi kesi ndefu ikakilazimisha kuacha mwaka wa 1980. Anayepepeta lazima aulizwe makapi atayatupa wapi.

Hata hapa kwetu sumaku imewahi kufanya kazi hiyo. Huko Kwale, kuanzia mwaka wa 2013 hadi mwisho wa mwaka wa 2024, mchanga ulichimbwa na kupepetwa, na sumaku zikatenga ilmenaiti, madini ya chuma na titani, kutoka kwa wenzake wasiovutwa. Mchanga wenyewe ulikuwa na madini asilimia chache tu. Bila kupepeta, usingelipa hata nauli ya kufika bandarini.

Wenzangu, nimechagua maisha ya mtu huyu kwa sababu sisi wa shule ya kutwa tunaijua lugha ya mawe maskini. Matokeo ya darasa la nane yalipotoka, mawe tajiri yalichotwa kwa sepetu yakapelekwa shule za kitaifa. Sisi tukabaki mlimani, na kuna watu wanaotupita asubuhi njiani wakisema hapa hapatoki kitu. Edison hasemi kwamba jiwe maskini ni sawa na jiwe tajiri. Hesabu inakataa. Anachotuonyesha ni kwamba chuma kimo, na kwamba kukitoa kuna bei yake: kusagwa mara nyingi zaidi, alfajiri na mapema kwa mguu, jioni kwa taa ya koroboi kwa asiyekuwa na umeme. Wengine watapata faida mapema. Wengine watakuwa kama yeye, watafunga mtambo mmoja na kuhamisha magurudumu kwenye mwingine.

 Na siku ya jaribio la sumaku na salfa, msisinzie.